Shati la Majogoo

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa goti la Bibi, ambalo siku hizi linatabiri mvua na kukosea. Baba amehamishiwa zamu ya alfajiri kazini, kwa hiyo jioni anasinzia mezani na kijiko mkononi. Mama anakusalimu sana. Mdogo wangu, yule tunayemwita Kipaza kwa sababu hakuna siri inayolala ndani yake, ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa habari za nyumbani kwetu zinatoka kwa urahisi zaidi.

Bibi anasema kile kitambaa chake cha samawati bado kiko sandukuni, kimekunjwa vilevile, kinakungoja uje umshonee gauni. Ameniagiza niandike hilo kabla ya jambo lingine lolote. Nimeliandika.

Sasa jambo lingine lolote.

Shuleni kulikuwa na shindano la insha, nami nimeshinda. Insha yangu inaitwa "Faida za Kunyamaza". Zawadi yake ni kuisoma kwa sauti ukumbini, mbele ya wazazi wote, tarehe 20 Juni. Nilimweleza mwalimu wa Kiswahili kwamba zawadi hiyo inapingana na insha yenyewe. Alicheka akanipigapiga begani. Sikuwa natania.

Shangazi, wewe unanijua. Kwenye simu najibu "ndiyo, Shangazi" mpaka unachoka, ndiyo maana naandika. Hata mtu akiniuliza jina langu, nalifikiria kwanza.

Lakini msomaji anaruhusiwa kuvaa nguo zake badala ya sare, na hapo ndipo nimeona mlango. Ukivaa shati jeupe, watu watatazama uso wako. Ukivaa shati lenye kelele za kutosha, watatazama shati, na wewe utakuwa umejificha nyuma yake. Kitambaa chenyewe ninacho. Baba alikinunua kwa ajili ya dirisha la jikoni: kina majogoo wekundu, kila mmoja mkubwa kama sahani, mdomo wazi. Mama alikikataa. Alisema hawezi kukaanga mayai huku wenyewe wanamtazama.

Kwa fundi wa mtaa wetu siwezi kwenda. Anapokupima hutangaza vipimo kwa sauti, kana kwamba wapita njia ndio watakaomkumbusha. Siku aliyonipima sare alifika kifuani akaita, "Hapa hapana kitu, tuendelee!" Hadi leo muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara akiniona anatabasamu.

Kwa hiyo nimeamua kulishona mwenyewe kwa cherehani ya Bibi. Na kwa kuwa wewe umekuwa ukishona mashati kiwandani tangu mimi sijajua kusoma, nimekuja kwa mwenye ujuzi. Tafadhali nifundishe: shati la kola na vifungo linashonwaje, tangu mwanzo hadi mwisho?

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Kamusi


25 Februari

Kamusi mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ajili ya goti la Mama. Mwambie alifunge kitambaa cha sufu aache utabiri. Mimi sijambo. Chumba ninacho kilekile, na jirani yangu kajaliwa redio mpya na masikio ya zamani, kwa hiyo wote tunaisikiliza. Kiwandani kelele, vumbi la nyuzi, na msimamizi anayetembea nyuma ya migongo yetu kama paka aliyeibiwa samaki. Maisha yanaendelea.

Kitambaa cha samawati nimekisikia. Kazi ni nyingi mno. Tutaona.

Hongera kwa insha! Kumbe kimya chako chote kile ulikuwa unafanya utafiti.

Sasa sikiliza. Shati ni kola. Mtu hatazamwi tumbo, anatazamwa shingo. Kata vipande viwili vinavyolingana kama pacha, na cha tatu cha kitambaa kigumu, hicho kinalala ndani. Weka pacha uso kwa uso, kile kigumu juu yao, kisha shona kingo tatu, ile ya shingoni uiache wazi. Ukifika kwenye ncha, usikunje kona kwa ghafla kama dereva mlevi. Simama, sindano ikiwa chini, geuza kitambaa kidogo, piga mshono mmoja wa mshazari, mmoja tu, geuza tena, endelea. Huo mshono mmoja ndio siri ya dunia. Punguza kona kwa mkasi, lakini usiuguse uzi. Geuza kola nje, ncha isukume kwa kijiti butu, si kwa mkasi! Mkasi utatokeza upande wa pili nawe utalia. Piga pasi toka ncha kwenda katikati, kamwe si toka katikati kwenda ncha. Linganisha ncha mbili: zikitofautiana hata kwa upana wa uzi, fumua. Usinihurumie mimi wala usijihurumie wewe. Kisha kata kiti cha kola, ule mkanda unaozunguka shingo, nao ukumbatie kola kama mkate unavyokumbatia siagi.

Nimekuchorea kila hatua nyuma ya karatasi hizi nne.

Ukishamaliza kola, unganisha mwili na mikono kama kawaida, weka vifungo. Shati tayari.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendelea, kitambaa cha sufu kimekataliwa. Baba sasa anasinzia hata akiwa amesimama. Bibi anakuuliza hiyo "tutaona" inaona lini.

Kola imekamilika! Niliifumua mara nyingi, hata uzi ukaanza kunizoea, lakini ncha sasa ni pacha wa kweli. Nilifanya kila ulichosema, pamoja na mshono mmoja wa mshazari. Nilipoigeuza, ncha ilitoka kali kama pembe ya bahasha, nikajikuta nimesema "Aaa!" kwa sauti. Mama alikuja mbio akidhani nimejichoma.

Kwa kuwa bado sina shati, niliivaa kola peke yake mbele ya kioo, ili nizoee. Kipaza alichungulia. Kabla ya chakula cha jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kaka yake anatembea ndani ya nyumba kifua wazi na kola ya majogoo shingoni, anajihutubia. Bibi peke yake ndiye aliyenitetea. Alisema, "Mwacheni. Hata mtoto huanza kutoka kichwa."

Sasa nina swali. Ulisema niunganishe mwili na mikono "kama kawaida". Nimetafuta maktaba ya shule. Kuna kitabu cha ufugaji wa kuku, lakini hakinisaidii kwa kiwango nilichotarajia. Shangazi, kawaida ni ipi? Bega linakutana wapi na bega? Mkono unaingiaje kwenye shimo lake? Na tundu la kifungo linakatwa kabla ya kushonwa au baada?

Najua kwako haya ni maswali ya kitoto. Nivumilie.

Kamusi


14 Aprili

Kamusi mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa. Palikuwa na shehena kubwa. Pia nilikuwa na mafua. Pia kalamu ilipotea.

Haya, mikono. Andika.

Mkono wa shati si bomba. Wengi hukata bomba, kisha wanashangaa mvaaji anashindwa kuinua kikombe. Kichwa cha mkono, pale juu unapoingia begani, kiwe kama kilima, na mteremko wa mbele uingie ndani zaidi kuliko wa nyuma, kwa sababu binadamu hufanya kazi zake mbele. Shona mkono kwenye mwili kabla ya kufunga ubavu, nguo ikiwa bado imefunguka kama kitabu. Ndipo ufunge ubavu na mkono kwa mshono mmoja, toka pindo la chini hadi kiganjani, bila kusimama. Mimi mzee mzima mwenye wajukuu, ndevu zimeota mvi juu ya kazi hii, sijawahi kurudishiwa mkono hata mmoja.

Matundu: unashona kwanza, unakata baadaye. Anayekata kwanza, kitambaa kitamfumukia, atatafuta tundu lake kutwa nzima. Na wewe dada, mwambie huyo mtoto wa kaka yako asipime tundu kwa macho, apime kwa kifungo chenyewe.

Mabega: mwili una kipande cha nyuma na vipande viwili vya mbele, vinashonwa pamoja begani. Na kwa vile kitambaa chako kina wanyama, kabla ya kugusa mkasi hakikisha vichwa vyote vinatazama juu, mbele na nyuma. Hilo usilisahau hata kama utasahau kula.

Nasikia usingizi sasa. Wasalimie wote. Kuhusu kitambaa cha samawati, mwambie Mama macho yangu siku hizi hayapendi rangi ya samawati.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa mafua, kwa shehena na kwa kalamu. Sisi wazima. Bibi alisikia habari za macho yako na rangi ya samawati, akasema, "Alipokuwa mdogo ugonjwa wake ulikuwa tumbo, na ulikuja siku za kufua."

Barua yako ilifika juzi. Nilikata kitambaa wiki iliyotangulia.

Nieleze ilivyokuwa. Nilingoja, nikangoja, siku ya kusoma ikawa inakuja wala haingoji mtu. Kwa hiyo nikatumia akili yangu, jambo ambalo vitabu vinalisifu bila kutoa onyo la kutosha. Niliwaza: kwa nini mbele na nyuma vishonwe begani, ilhali naweza kukunja kitambaa kimoja begani, nikatoboa tundu la shingo katikati, na kupasua upande wa mbele kwa ajili ya vifungo? Mishono miwili imeokolewa! Nilijiona nimegundua kitu ambacho mafundi wote wamekipita. Nilimwambia hata Kipaza, ili habari ienee.

Nikakunja, nikakata, nikavaa. Mbele majogoo wamesimama wima, vifua nje, wanawika. Nikageuka kwenye kioo. Shangazi, nyuma wote wananing'inia kichwa chini, miguu juu, kama siku ya soko.

Mama alikaa chini jikoni akacheka mpaka akashika ubavu. Baba aliamka. Bibi alivaa miwani, akanizunguka pole pole, akasema, "Hawa wa mbele wanaitwa jikoni, na hawa wa nyuma wameshaitika."

Kitambaa kingine hakuna. Kilichobaki kimetosha mikono tu. Mikono nimeikata kwa kufuata barua yako neno kwa neno, na imekaa vizuri kuliko sehemu zote za mwili. Naweza kuinua kikombe. Niliyasoma maelezo hayo kwa makini sana, pamoja na pale palipotajwa ndevu. Sina swali kuhusu ndevu.

Maswali yangu sasa ni ya kola tu, kwa sababu nimeona kola ndiyo unayoieleza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsoma. Je, nikiishona kwenye shingo, nianzie katikati ya mgongo kwenda mbele, au mbele kuzunguka? Na kwa nini pasi iende toka ncha kwenda katikati? Ningependa kujua sababu, hata kama ni ndefu.

Shangazi, je, utakuja tarehe 20 Juni? Nikikuona umeketi pale, nitasoma nikikutazama wewe tu, kama vile nakuandikia. Nikikosa mtu wa kumtazama, sijui itakuwaje. Nilijaribu kumsomea Bibi sebuleni na sauti iliishia kwenye sentensi ya pili. Ilikuwa sentensi fupi.

Kamusi


28 Mei

Kamusi mwanangu,

Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko, nikacheka peke yangu, wenzangu wakaninyang'anya, wakaisoma kwa sauti. Kuna mzee mmoja hapa, usimjali ni nani, anasema mtu aliyeweza mkono ana haki ya kukosea mgongo.

Anzia katikati ya mgongo. Weka alama katikati ya kola na alama katikati ya shingo, zikutane hapo kwanza, ndipo ushone kwenda kulia, urudi, ushone kwenda kushoto. Ukianzia mbele, utafika upande wa pili kola imebaki kidole kizima haina pa kwenda. Na pasi inatoka ncha kwa sababu ncha ndiyo nyonge. Ukianzia katikati unaisukumia ncha makunyanzi yote, nayo haina jirani wa kumsukumia. Mwenye nguvu apigwe pasi mwisho. Sababu ndiyo hiyo, mwanangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kuhusu mgongo: usigeuke. Ingia ukumbini mapema kabla ya watu, simama, soma, kisha rudi kinyumenyume hadi kwenye kiti kama mtu anayemuaga mfalme. Hakuna atakayejua.

Kuja siwezi. Unajua Mama atanitolea kile kitambaa mlangoni hata sijavua viatu. Na si yeye tu. Mara ya mwisho majirani walikuja na mafurushi. "Fundi wetu wa kiwandani kafika!" Mwanangu, kuna mambo mtu anayabeba mbali na nyumbani kwa sababu nyumbani yatakuwa mazito. Tusizungumzie hayo.

Ndani ya bahasha kuna vifungo, saba na kimoja cha akiba. Vyekundu, kama vilemba vya hao kuku wako. Ukikosa mtu wa kumtazama, tazama kifungo cha pili kutoka juu. Hicho nimekichagua mimi.

Shangazi yako


25 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima, na goti la Bibi limeacha utabiri. Leo nitaandika mambo mawili: la kwanza ni langu, la pili nimeagizwa.

Nilifika ukumbini mapema kama ulivyosema, nikasimama jukwaani mgongo ukiwa ukutani. Wazazi wakaingia, viti vikajaa, madirisha yakajaa. Fundi wa mtaa alikaa safu ya mbele kabisa, maana binti yake naye anasoma shuleni kwetu. Nilimwona akinipima kwa macho, na midomo yake ikicheza.

Nilifungua karatasi nikaanza: "Mheshimiwa mwalimu mkuu, wazazi wapendwa, kunyamaza ni hazina." Nadhani nilisema hivyo. Mwalimu mkuu aliweka kiganja sikioni akasema, "Sauti, kijana!" Nikatazama kifungo cha pili kutoka juu. Nikaanza tena. Ndipo mtoto mmoja mdogo, aliyekuwa amepakatwa na mama yake, akaninyooshea kidole kifuani, akavuta pumzi, akawika:

"Kokorikoooo!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwingine nyuma akamjibu, naye akawika. Hata walimu, Shangazi. Masikio yangu yalipata moto. Niliona mlango, nikahesabu kwamba naweza kuufikia. Lakini ningelazimika kugeuka.

Kwa hiyo nilibaki. Nikawatazama majogoo, nikawatazama watu, na kabla sijafikiria nikasikia mtu akisema, "Samahani, wazazi. Hawa insha hawajaisoma."

Ni mimi niliyesema! Walicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa upande wangu, na tofauti yake ningeweza kuiandikia insha nyingine. Nikasoma hadi mwisho. Sauti haikuwa kubwa, ila ilifika. Nilipofika pale nisemapo kwamba kuna watu wanaonyamaza si kwa sababu hawana neno bali kwa sababu wanaogopa kudaiwa neno la pili, ukumbi ulitulia kabisa. Wewe nilikuwa nakuwaza hapo. Natumaini hutakasirika.

Wakapiga makofi. Nikaanza kurudi kinyumenyume. Mpango wako ulikuwa mzuri, Shangazi, ila haukujua kuhusu meza ya zawadi. Niliigonga, vitabu vikamwagika, nikainama kuviokota, na hapo mgongo wangu wote ukawa mbele ya wazazi.

Kisha fundi wa mtaa, kwa sauti ileile ya kutangazia vipimo:

"We kijana! Hao wa nyuma wamepatwa na nini?"

Nikasimama, nikageuka kwa hiari yangu, ili kila mtu aone vizuri.

"Hao," nikasema, "ndio walioisoma."

Shangazi, hawakunyamaza hadi mwalimu mkuu alipopiga meza kwa kiatu.

Nje, fundi alinifuata. Nilijiandaa kusikia kipimo cha kifua. Badala yake alishika ncha ya kola kwa vidole viwili, akaipindua, akaitazama kwa chini, akaiachia, akaishika tena. "Mwili wa gunia," akasema, "mikono ya mtu mzima, na kola ya waziri. Hii kola nani kakufundisha?" Nikasema shangazi yangu. Akasema, na kwa mara ya kwanza alisema polepole, "Huyo akija, nijulishe. Ncha zangu mimi huwa zinalala."

Hilo ndilo langu. Sasa la Bibi. Ameketi hapa kando yangu na anasema niandike maneno yake yeye, nisiongeze Kiswahili changu cha vitabuni.

"Binti yangu. Mficha uchi hazai. Mimi najua unashona kola tu. Nimejua tangu ile siku uliyokuja nikakupa gauni langu ulipunguze kiuno. Kiuno kilibaki vilevile, na gauni likapata kola. Lile gauni halikuwa na kola. Nililivaa hivyohivyo, na wote waliniuliza ni fundi gani. Kitambaa cha samawati sikukiweka ili kishonwe. Nimezeeka, gauni jipya nampelekea nani? Nilikiweka upate sababu ya kuja. Kumbe ndicho kilichokuwa kinakufukuza. Sasa nimekitoa sandukuni. Jikoni bado hamna pazia, na majogoo huyu mjukuu wangu amewavaa, basi nitakitundika dirishani. Mwenyewe nitakipiga pindo kwa mkono, taratibu, goti linaruhusu. Hakuna tena kitu cha kushona hapa nyumbani. Njoo bure."

Mwisho wa maneno ya Bibi. Amesema niweke nukta, nimeweka.

Kutoka kwangu ni hili tu: kidole kimoja hakivunji chawa, na shati langu limeshonwa na kiwanda kizima. Mpe salamu zangu mwenye ndevu.

Kamusi


9 Julai

Kamusi mwanangu,

Barua yako nimeisoma chumbani, mlango umefungwa. Kisha nikaipeleka kazini nikaisoma mbele ya mstari mzima wa washonaji, mwenyewe, kwa sauti, na mashine zikiwa zimezimwa. Mzee wa mikono alisimama aliposikia "mikono ya mtu mzima", akainamia watu kama bwana harusi. Mama anayetushonea matundu anauliza kwa nini matundu hayakutajwa. Mwandikie mstari mmoja, hatulali.

Ndiyo. Kola tu. Miaka yote hii, kola tu. Zinanijia hazina mwili, zinaondoka hazina mwili, na shati lililokamilika ninaliona barabarani kama wewe unavyoliona. Siku ya kwanza niliandika nyumbani "ninashona mashati", kwa sababu "ninashona kola" ilionekana fupi. Halafu mkafurahi sana.

Nimeomba likizo. Msimamizi aliuliza kuna nini nyumbani. Nikamwambia hakuna kitu, na ndiyo sababu naenda. Nitafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Mwambie fundi wa mtaa alete ncha zake zinazolala, tutaziamsha. Majirani wenye mafurushi waambie ukweli. Au mwambie Kipaza tu, inatosha.

Wewe tafuta kitambaa kingine, chochote, maadamu kila kilichochorwa juu yake kinajua kusimama. Mwili na mikono utashona wewe, mimi nitakaa kando nijifunze.

Na mwambie Mama ashone pembeni na chini, lakini ule upande wa juu wa pazia asiuguse mpaka nifike. Ule ni wangu. Pazia nalo lina shingo.

Shangazi yako